Wahitimu wanaambiwa "lenga juu". Mbona miezi mitatu baadaye wengi wamepotea njiani?

#1 Kengele_ya_Mwisho
Wakuu salaam.

Kila wanafunzi wakimaliza shule wanapigwa hotuba ileile: ota ndoto kubwa, usikate tamaa, komaa. Mfuate kijana huyohuyo miezi mitatu mbele, muulize leo asubuhi amefanya nini kuhusu hiyo ndoto. Atakuna kichwa.

Dai langu: tatizo si udogo wa ndoto. Shule ilikuwa inambebea nusu ya mzigo. Ilimpangia saa ya kuamka, ikamchagulia somo la kufuata, ikampima kwa mtihani, ikamwekea na mtu wa kumfokea akichelewa. Siku anarudisha vitabu, hakuna aliyemkabidhi hiyo nusu. Anatoka getini na lengo tupu mkononi.

Swali: mnamsaidiaje mhitimu aweke lengo kubwa na asiliachie? Nataka namna ya kufanya. Wenye "amini utaweza" wapite kimyakimya.

#2 Nipo_Dirishani
Naweka kiti. Wajuzi shukeni.

#3 Kalamu_Nyekundu
Mleta mada umeruka hatua. Kabla ya kulaumu kengele, tazama lengo lenyewe limeandikwaje. "Nataka kuwa injinia" ni cheo. Huwezi kuamka kesho ukafanya "kuwa injinia".

Lengo linalofanyika lina vitu vinne kwenye sentensi moja: kitu gani, kiasi gani, lini mwisho, na ushahidi gani utaonyesha kimefanyika. Mfano: "Hadi wiki ya 12 niwe nimefanya mitihani 10 iliyopita ya hisabati kwa muda kamili, nikiwa nimesahihisha kila swali nililokosa." Mtu mwingine akilisoma anaweza kukukagua bila kukuuliza unajisikiaje.

Makosa ninayoyakuta kwenye karatasi za vijana ni mawili. La kwanza, malengo tisa kwa mpigo. Mawili yanatosha, moja la kujijenga kielimu au kiufundi na moja la kumwingizia kipato au uzoefu. La pili, lengo linalotegemea uamuzi wa mtu mwingine. "Nipate ufadhili" yako mikononi mwa kamati. "Nitume maombi 8 yaliyokamilika" yako mikononi mwako.

#4 Mpiga_Mbiu
Kalamu_Nyekundu umegonga ndipo. Kuandika ndiyo siri. Kuna utafiti wa chuo kikuu cha Yale, 1953: asilimia 3 tu ya wahitimu walikuwa wameandika malengo yao, na miaka 20 baadaye hao 3 walikuwa na mali kuliko wale 97 wote wakijumlishwa. Andikeni malengo vijana!

#5 Msaka_Chanzo
Mpiga_Mbiu, huo utafiti haupo. Waliokwenda kuutafuta Yale waliambiwa na chuo chenyewe kwamba hakuna kumbukumbu ya kitu kama hicho. Kuna toleo jingine linalosema ni Harvard 1979, nalo ni hadithi ileile iliyobadilishiwa sare. Wahamasishaji wameirudia mpaka imeota ndevu.

#6 Mpiga_Mbiu
Sawa, hata kama haukufanyika, ujumbe si uleule?

#7 Msaka_Chanzo
Hapana, kwa sababu unamfanya kijana aamini kazi imekwisha akishaandika. Halafu tafiti za kweli zipo. Edwin Locke na Gary Latham walitumia miongo kadhaa kwenye jambo hili. Walichokuta: lengo gumu na lililo wazi huzaa kazi zaidi kuliko "jitahidi uwezavyo".

Mfano wa 1975, Oklahoma, Marekani. Madereva wa malori ya magogo walikuwa wanapakia takriban asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa kisheria, na wameshaambiwa wajitahidi. Wakapewa lengo: asilimia 94. Baada ya wiki kadhaa wakawa wanazunguka karibu na 90, bila nyongeza ya senti. Lori lilelile, barabara ileile.

Ila watu wanakata nusu ya pili ya matokeo. Lengo gumu hufanya kazi pale mtu anapolikubali mwenyewe, ana uwezo wa kazi hiyo, na anapata majibu ya mara kwa mara kuhusu alipofika. Ondoa kimoja, ugumu unageuka mzigo. Hapo mleta mada yuko sahihi kwa sehemu: shule ilikuwa inatoa majibu, madaftari yanasahihishwa. Nje hakuna anayesahihisha.

#8 Fundi_Ratiba
Mkuu #7, wale madereva walishajua kupakia magogo. Mhitimu ndiyo kwanza anaanza. Latham mwenyewe na wenzake walionyesha baadaye kwamba mtu asiye na ujuzi wa kazi ngumu, ukimpa lengo kali la matokeo anababaika na kufanya vibaya kuliko aliyeambiwa tu ajitahidi. Anayeanza anahitaji lengo la kujifunza: "nigundue njia tano za kutatua aina hii ya swali", si "nipate alama 90".

Kwa hiyo "lenga juu" siku ya kwanza inaweza kuwa ndiyo inayowavunja. Kwanza lengo la kujifunza kwa wiki 6 hadi 8, kisha la matokeo.

Na umbali wa lengo ni jambo kubwa kuliko ukubwa wake. 1981 Albert Bandura na Dale Schunk waliwapa watoto waliokuwa nyuma kwenye hesabu kurasa 42 za kutoa, zifanywe katika vipindi 7. Kundi moja liliambiwa lilenge kurasa 6 kila kipindi. Jingine likaambiwa lilenge kumaliza zote 42 mwishoni. Kazi haikutofautiana hata ukurasa mmoja. La kurasa 6 lilijifunza zaidi, likajiamini zaidi, hata likaipenda hesabu. La kurasa 42 halikuonyesha faida ya maana kuliko wasiopewa lengo lolote.

Ndoto iwe ya miaka mitano, sina ugomvi. Lakini kipande cha kushika mkononi kisizidi wiki moja.

#9 Bi_Mkubwa
Wanangu, mnapima sana urefu wa lengo hamuulizi ni la nani. Nusu ya malengo ninayosomewa na wahitimu ni ya baba, ya mjomba, au ya jirani mwenye gari. Lengo la kuazima huachwa siku mwenyewe akiangalia pembeni.

Nina vipimo viwili. Muulize akiwa peke yake, si mbele ya wazazi: "Kama hakuna mtu atakayejua umefanikiwa, ungebaki nalo?" Ukimya mrefu hapo ni jibu. Pili, mpeleke akakae na mwenye kazi hiyo siku nzima, kuanzia kufungua hadi kufunga, na asitoroke saa ya kuchosha. Anayetaka unesi akaone kugeuza wagonjwa usiku na kujaza mafaili, si koti jeupe. Anayetaka ufundi umeme ahesabu saa za kutafuta hitilafu dhidi ya dakika za kuunga waya. Akirudi bado anautaka, hapo ndipo mumpe hizo kurasa sita zenu.

#10 Kalamu_Nyekundu
Shikamoo Bi Mkubwa. Napinga kidogo. Wako wengi wanaoanza na lengo la mzazi, wakishaiweza kazi wanaipenda. Kupenda kunafuata umahiri mara nyingi tu.

#11 Bi_Mkubwa
Marahaba mwanangu. Na wako wanaoiweza na kuichukia miaka thelathini. Unawahesabu upande gani?

#12 Nipo_Dirishani
😂😂 Kalamu imeishiwa wino.

#13 Tofali_kwa_Tofali
Mnajadili moyo wa kijana wakati kinachomwangusha ni kalenda. Mimi niko upande wa makaratasi ya maombi, na ninachokiona ni watu wenye malengo safi waliochelewa kwa siku mbili.

Binadamu hukadiria muda vibaya. 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo watamaliza lini tasnifu zao. Wastani wa makadirio: siku 33.9. Wakaombwa wakadirie pia kama kila kitu kitakwenda mrama: 48.6. Muda halisi: siku 55.5. Hata makadirio ya balaa yalipitwa!

Dawa ni kupanga kinyumenyume. Namna yenyewe:

Andika tarehe ya mwisho ya kupokea maombi. Tuseme ni wiki 20 kuanzia leo. Toa theluthi moja, jifanye una wiki 13 tu. Hizo 7 zilizobaki ni za mambo yatakayoharibika, na yataharibika. Kisha rudi nyuma kutoka wiki ya 13: wiki ya mwisho ni kutuma na kupata uthibitisho, inayoitangulia ni kusomewa maombi na mtu mwingine, tatu kabla ya hapo ni barua za utambulisho. Mwandikaji wa barua apewe wiki tatu na karatasi moja yenye mambo matatu anayoweza kukusemea, la sivyo atakuandikia "ni kijana mwenye nidhamu" na ndiyo imeisha hiyo.

Yanayokwamisha mara nyingi:
– Jina kwenye cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule halifanani, herufi moja imezidi au majina yamepinduliwa. Kurekebisha huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Kagua wiki ya kwanza.
– Faili la vyeti ni kubwa kuliko mfumo unavyokubali. Watu wanagundua saa tano usiku wa siku ya mwisho. Weka matoleo mawili, lenye ubora kamili na lililopunguzwa, kisha lifungue hilo dogo uone kama mhuri unasomeka.
– Barua pepe imefunguliwa na mtu mwingine, neno la siri hulijui, na majibu yote yanakwenda huko.
– Nakala zimethibitishwa mapema mno, wakati wanataka za miezi ya karibuni. Soma masharti kabla ya kupiga mihuri.

Lengo kubwa bila haya ni kelele.

#14 Jicho_Kavu
Tofali umeandika kama karani wa mahakama. Asante lakini, nimeihifadhi.

Ila wakuu tuseme ukweli, mchawi anajulikana: simu. Shuleni ilikuwa imefungiwa au inatumika kwa kuibia, leo analala nayo. Adrian Ward na wenzake, 2017, waliwapima watu karibu 800 mtihani wa umakini. Wote simu zimenyamazishwa. Waliozitoa nje ya chumba walifanya vizuri kuliko waliozilaza mezani kifudifudi. Haikulia, haikutetemeka, kuwepo tu.

Kwa hiyo: chumba kingine, si mfukoni. Saa ya kengele iwe ya kawaida ili simu isiwe kitu cha kwanza kushikwa. Vipindi viwili vya dakika 50 asubuhi kabla ya kuiwasha, mapumziko ya dakika 10 katikati, na mapumziko hayo yasiwe ya kutazama skrini. Anayeshindwa 50 aanze na 25 kwa 5, mtindo wa Francesco Cirillo, akizoea aongeze.

#15 Msaka_Chanzo
Jicho_Kavu, jaribio la 2017 lipo, lakini waliolirudia baadaye hawakupata jibu moja; wengine wameliona tokeo hilo, wengine hawakuliona kabisa. Kuiweka simu mbali hakuna hasara, ila usimuahidi kijana kwamba akili itafunguka kwa sababu hiyo.

#16 Kengele_ya_Mwisho
Nami naona simu inajaza pengo lililokwishakuwepo. Mnyang'anye simu mtu asiye na cha kufanya saa tatu asubuhi, atatazama dari. Kinachokosekana ni kichochezi cha kuanza. Kengele ilikuwa inaamua kwa niaba yake.

Peter Gollwitzer ndiye aliyelichimba hili. Badala ya "nitasoma zaidi", mtu anafunga tendo kwenye tukio: "Nikishapiga mswaki, nakaa mezani nafungua ukurasa niliouwekea alama jana." Majaribio 94 yalipokusanywa pamoja mwaka 2006, mpango wa namna hii ulionyesha manufaa ya kati hadi makubwa juu ya nia peke yake.

Tahadhari mbili. Tukio liwe linalotokea kila siku bila kukosa. "Nikipata nafasi" si tukio. Na usifunge mipango kumi kwenye mswaki mmoja.

#17 Mpiga_Mbiu
Halafu siku 21 tu, inakuwa tabia. Hii msinikatalie.

#18 Msaka_Chanzo
Nakukatalia, ndugu yangu, kwa upendo. Siku 21 zilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kuhusu muda ambao wagonjwa wake walihitaji, angalau, kuzoea sura mpya. Phillippa Lally na wenzake walipowafuatilia watu 96 (ripoti ya 2010), muda wa kati ulikuwa siku 66, na masafa yalikuwa siku 18 hadi 254 kutegemea mtu na tendo. Kunywa maji ni rahisi, mazoezi ya mwili yana foleni ndefu.

Kwa mhitimu hii si habari ya kujifurahisha. Aliyeahidiwa 21 akifika siku ya 22 na bado anajisukuma, anahitimisha kwamba yeye ni mvivu. Kwenye utafiti huohuo kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo sheria ya "ukikosa siku moja anza upya" ifutwe.

#19 Mpiga_Mbiu
Uzi huu umegeuka baraza la kunihukumu 😂 Nabaki hapahapa.

#20 Fundi_Ratiba
Naongezea kipimo. Kadi moja ya wiki, visanduku saba. Ukijaza vitano au sita, endelea. Ukipata vitatu au chini kwa wiki mbili mfululizo, punguza dozi ya siku kwa nusu, usiguse lengo la mwaka. Wengi wanafanya kinyume, wanalishusha lengo na kubaki na ratiba ileile iliyowashinda. Na ukijaza saba kwa mwezi mzima bila jasho, ongeza.

Kuhusu kusoma peke yako: saa za kukaa mezani si kipimo. Funga kitabu, karatasi tupu, dakika 5, andika unachokumbuka, kisha fungua ukaone ulichoacha. Rudia baada ya siku 1, kisha 3, kisha 7, kisha 21. Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya dakika chache aliyesoma tena na tena anaonekana yuko mbele, lakini baada ya wiki aliyejipima amemwacha mbali. Ndiyo maana watu wanapenda kurudia kusoma: inampa mtu raha ya uongo siku hiyohiyo.

#21 Sauti_ya_Chini
Samahani kuingilia. Mdogo wangu kamaliza shule, anataka atangaze lengo lake kwenye makundi yote ili aone aibu kuacha. Ni sawa?

#22 Kalamu_Nyekundu
Asitangaze. Gollwitzer na wenzake (2009) waliwachukua, pamoja na wengine, wanafunzi wa sheria. Ambao nia zao zilishatambuliwa na mtu walifanya kazi kidogo kuliko ambao nia zao hazikusomwa. Ukishapongezwa kama wakili mtarajiwa, sehemu ya njaa inaisha.

#23 Tofali_kwa_Tofali
Si rahisi hivyo mkuu. Howard Klein na wenzake walikuta kwamba ukimweleza mtu unayemwona amekuzidi hadhi, na unayejali atakuonaje, unashikamana na lengo zaidi. Kumwambia asiye na uzito kwako hakuongezi kitu. Kwa hiyo mdogo wako achague mtu mmoja, si kundi la watu 200. Mwalimu wake wa zamani, fundi anayemheshimu, shangazi mkali. Dakika kumi kila wiki mbili, amwonyeshe kadi ya #20. Kadi, si maelezo.

#24 Bi_Mkubwa
Na huyo mtu asiulize "umefikia wapi", maana hilo humfanya mtoto atunge. Aulize "umekwama ukurasa gani". Mzazi anayeuliza kila jioni naye apunguze. Mara moja kwa wiki inatosha, siku inayojulikana.

#25 Jicho_Kavu
Kuna anayeandika malengo kwenye programu ya simu humu? Maana mnasema kadi, kadi, utadhani tuko ofisi ya posta.

#26 Fundi_Ratiba
Tumia chochote, ila ukifungua simu kujaza kisanduku kimoja unatoka baada ya nusu saa. Umesahau ulichosema #14?

#27 Nipo_Dirishani
Kiti changu kimeanza kuwasha, ngoja niulize. Ndoto yenyewe je? Hotuba zote zinasema jione umeshafika. Ina kazi au haina?

#28 Msaka_Chanzo
Inategemea unaishia wapi. Gabriele Oettingen na Doris Mayer waliwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu Ujerumani, matokeo yakatoka 2002. Waliojijaza taswira tamu za kupata kazi, miaka miwili baadaye walikuwa wametuma maombi machache, wamepata ofa chache na mshahara mdogo. Ila walioamini kwa kupima kwamba uwezekano ni mzuri walifanya vizuri. Kuota na kutarajia havikuenda njia moja.

Njia anayoipendekeza Oettingen ina hatua nne, zifuatane hivyohivyo: taja unachotaka, ona matokeo bora kwa dakika chache, kisha taja kikwazo kilicho ndani yako (si serikali, si wazazi), halafu panga "kikitokea hicho, nitafanya hiki", ule mpango wa #16. Ukiruka kikwazo umebaki na ndoto. Ukianza na kikwazo, hofu inatangulia.

#29 Kengele_ya_Mwisho
"Si serikali, si wazazi" hapo ndipo ninaposita. Kuna mhitimu ambaye kikwazo chake ni ada, nukta. Utamwambia atafute cha ndani?

#30 Msaka_Chanzo
Kama ada ndiyo ukuta, njia hiyo inamsaidia kuona mapema kwamba lengo halifikiki kwa mlango huo, aliache au abadilishe mlango. Na hilo nalo ni tokeo zuri.

#31 Kengele_ya_Mwisho
Kuacha ni tokeo zuri? Hotuba za mahafali zitakufukuza.

#32 Kalamu_Nyekundu
Kuacha kwa tarehe, si kwa uchovu. Siku anaandika lengo, aandike pia siku ya uamuzi na sharti lake: "Wiki ya 24, kama maombi yote 8 yamekataliwa, naanza mafunzo ya ufundi na kuomba tena mzunguko ujao." Huo mlango wa pili uwe umeshaandaliwa makaratasi. Asiruhusiwe kuamua kuacha usiku wala siku aliyopokea barua ya kukataliwa.

#33 Bi_Mkubwa
Mlango wa pili ukiwa wazi sana, wa kwanza haubishwi hodi sawasawa.

#34 Tofali_kwa_Tofali
Na usipokuwepo, aliyekataliwa anakaa nyumbani mwaka mzima. Nimeshaona mafaili ya namna hiyo, Bi Mkubwa.

#35 Sauti_ya_Chini
Asanteni wote. Mmenipa mengi kuliko nilivyoweza kumweleza. Kesho asubuhi nikimkalisha, naanza na kipi?

#36 Tofali_kwa_Tofali
Vyeti vyote mezani, angalia majina herufi kwa herufi.

#37 Bi_Mkubwa
Mimi ningeanza na lile swali la peke yake. Vyeti havikimbii.

#38 Tofali_kwa_Tofali
Tarehe zinakimbia.